Mpira wa Mwenyeji

Mvua ilikuwa imeulowesha uwanja wa Kizwite. Mwamuzi alimletea Zenon mipira miwili, kwa kuwa nahodha wa wenyeji ndiye huchagua.

Wa zamani ulikuwa umekwaruzika, unashikika hata ukilowa. Mpya uliteleza kama sabuni.

Golini kwa wageni, timu ya Namanyere, alisimama mdogo wake, amevaa glavu alizoachiwa na Zenon, zilizolika viganjani. Kocha kutoka Dar alikuwa amekuja kumtazama yeye. Mwaka jana alimtazama Zenon, akaondoka bila hata kuaga.

“Kaka, chukua wa zamani,” mdogo wake alipaza sauti, akitabasamu.

Zenon aliupangusa ule mpya kwa jezi yake, taratibu, mpaka ukang’aa.

“Huu.”

Nyuma ya goli, mama yao, asiyejua mpira, akawapigia makofi wote wawili.