Sekunde ya Arobaini na Moja

Binti alibonyeza kitufe, na badala ya kuimba, kompyuta ikasukuma trei ya sidii nje.

"Lidude limetutolea ulimi!" Mama akacheka. "Halina adabu hata kidogo."

"Kosa langu, mama. Nimeandika amri ya kufungua trei badala ya kuchezesha sidii."

Sidii hiyo ilirekodiwa kwenye mazoezi ya kwaya, na ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Ilikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Kila redio waliyoijaribu ilifika hapo ikagoma. Ndipo binti akaamua kuandika programu yake mwenyewe, ya kuiamuru kompyuta iuruke mkwaruzo na kuanza kusoma kwenye sekunde ya arobaini na moja.

Akaipangusa sidii kwa upindo wa gauni, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Akairudisha trei, akasahihisha neno moja.

"Ukiiharibu, wiki nzima hutakula kwangu," mama akasema, huku vidole vyake vimeng'ang'aniana mapajani.

Sidii ikazunguka, ikakoroma. Kisha sauti nzito ikajaa sebuleni: "Simamisheni, simamisheni! Mke wangu, hapo unaimba au unaita kuku?"

Mama akainuka, akanyoosha mgongo, akatazama mbele kama alivyokuwa akisimama kwenye safu ya kwanza.

"Naimba, mwalimu," akaijibu kompyuta. Akakohoa kidogo, akavuta pumzi. "Haya, anzisha."