Uzito wa Nyuma

Wewe umewahi kuona mtu akifanywa jiwe la mizani? Katika ghala la kakao hapa Guayaquil, Ekwado, foklifti, gari la kuinulia mizigo, ikilemewa na magunia mbele, mpakiaji mnene mmoja hupandishwa nyuma isije ikabinuka.

Mwanangu Eusebio, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akipanda. Mwaka jana aliteleza, gurudumu likampitia.

Leo nimewapelekea wapakiaji wali wa mchana ninaowapikia, nikamsikia msimamizi akimwita mpakiaji mwingine. "Panda, kitambi! Wali wa mama ufanye kazi!"

Wenzake wakacheka. Akapanda, akasimama palepale ambapo viatu vya mwanangu vilisugua chuma hadi kikang'aa.

Dereva, yuleyule aliyekuwa akiendesha siku Eusebio alipoteleza, akanitazama. Akazima injini.

"Shuka, kaka," akasema. "Siinui na mtu nyuma. Punguzeni magunia."