Bangili ya Utulivu

Siku hizi kampuni za mawakili huchukua wanagenzi wapole tu. Mwombaji huvaa bangili mwezi mzima, na bangili husikiliza: ikisikia ugomvi, taa yake ya kijani huwa nyekundu, na nafasi hupotea. Ushauri wa chuoni ni mmoja: usibishane na mtu. Wanaosomea kubishana, ati.

Nasikiwa, mwanafunzi wa sheria, alisimama mlangoni, bangili mkononi, akimtazama baba yake mdogo akibeba cherehani ya mama, eti ni mali ya marehemu kaka yake, baba wa Nasikiwa. Kifungu cha sheria kinachomkataza alikijua kwa ghibu.

“Sema kitu, mwanangu,” mama yake alimsihi.

“Baba mdogo, huna haki…”

Bangili ikawaka nyekundu. Nasikiwa akatabasamu.

“Karibu tena, baba mdogo.”

Taa ikarudi kijani.

“Hongera, wakili,” mama yake akasema, akamgeuzia mgongo.