Tapeli Hana Shikamoo

Tangu milango ya nyumba ianze kufunguka kwa akaunti tu, baruapepe za uhakiki zinamiminika, na matapeli wanaiga hata sauti za watoto wetu. Mimi hawanipati ng'o. Tapeli ana haraka, hasalimii.

Leo nikimenya viazi ikaingia moja: "Mama, ni Zawena. Niko nje, mlango umeikataa akaunti yangu. Bonyeza hapa unithibitishe, upesi!"

Shikamoo iko wapi? Zawena binti yangu nimemlea mwenyewe. Nikaifuta, nikarudi kwenye viazi.

Mlango ukagongwa. "Mama, nifungulie!"

Nikachukua kiazi kingine.

Baada ya kitambo sauti ile ile ikasema taratibu, kama mtu anayezuia kilio: "Shikamoo, mama."

Nikatabasamu. Matapeli wa siku hizi wanajifunza upesi.