Fumba Macho

Mume alizima injini ya boti, akaruka majini na panga mkononi. Aliivuta boti hadi kwenye mizizi ya mikoko, akaifunga kwa mnyororo na kufuli, kisha ufunguo akautia mfukoni.

"Kufuli la nini, nawe umesema kisiwa hiki hakina hata gati?" aliuliza mkewe, akijaribu kucheka.

"Shuka tu, mke wangu."

Mke huyo, fundi cherehani, alikuwa na miezi mitatu tu katika ndoa. Asubuhi ile mumewe alimwomba asimwambie mtu wanakokwenda, hata dada yake, na simu aiache nyumbani isije ikalowa. Alidhani ni mambo ya mapenzi. Sasa, mbele ya kichaka kisicho na njia, alijuta kuiacha simu.

Mume alitangulia akifyeka. Huyu fundi bomba, aliyezoea kumchekesha mpaka machozi, leo maneno yalimkauka. Mara mbili alisimama, akamtazama mkewe, akarudi kufyeka.

"Kuna jambo nilikudanganya kabla hatujaoana," alisema hatimaye. "Limenikaa rohoni. Leo tunalimaliza hukuhuku."

"Jambo gani?"

"Utaliona."

"Turudi, tafadhali. Kichwa kinaniuma."

"Turudi wapi? Tumeshafika."

Mke alijifanya anafunga kamba za viatu, akaokota jiwe.

Hatua chache mbele, mume alimpisha, akahamia nyuma yake. Pumzi yake ilimgusa kisogoni.

"Fumba macho," alinong'ona. "Usifumbue mpaka nikwambie."

Panga likasugua majani. Mke aligeuka, akapiga kwa nguvu zake zote. Jiwe lilimpata mumewe kwenye paji la uso, akaanguka chali bila hata kuguna. Macho yake yalibaki wazi.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, lakini mkono wa mke ulikataa kumgusa. Kupitia matawi aliona moshi. Watu! Alikimbia huku miiba ikimchana gauni, akatokea kwenye uwanja uliofagiliwa vizuri. Mbele ya kibanda palitandikwa mkeka, na juu yake sahani tatu.

"Nisaidieni!" alilia.

Mwanamke mzee alitoka mbiombio, gauni lake jipya bado lina mikunjo ya sandukuni. Alimkumbatia kwa mikono miwili, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Karibu, mkwe wangu, karibu! Usiogope, hapa ni kwenu. Najua alikwambia mama yake alishakufa; nimemsamehe. Mwanangu umemwacha wapi?"