Rangi ya Kumwinua Mgeni

Kiraka cha kwanza cha rangi alikipaka ukutani, juu ya kichwa cha mgeni, naye mgeni bado anakoroma.

Alipaka polepole, brashi isidondoshe. Kisha akashuka kigodani, akarudi nyuma hadi mlango wa jikoni, akakitazama kwa jicho moja. Samawati. Juu ya ukuta wa rangi ya chungwa kilikaa kama barafu kwenye kikombe cha chai.

Mwenye brashi alikuwa mke wa nyumba hiyo, mshonaji. Mgeni alikuwa mdogo wake mumewe. Alikuja mara moja tu, kupumzika kidogo baada ya safari, na kochi refu la sebuleni likamkubali. Tangu hapo kalenda ya ukutani ilishabadilishwa. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini wahenga hawakuishi ghorofani.

Sebule ile ndiyo iliyokuwa duka la mshonaji. Wateja walipimiwa humo. Sasa cherehani ilikuwa jikoni, inapumuliwa na sufuria, na wateja wakichungulia na kuona mwanamume kajilaza na kaptura, walisema watarudi. Hawakurudi. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake, hata mkasi haujakigusa.

Kumfukuza hakuweza. Mke akimfukuza shemeji yake, ukoo mzima utamjua kwa hilo hadi anazikwa. Mumewe naye, mtu wa maneno machache, hakuwa na mdomo wa kumwambia ndugu yake ondoka. Ilibidi mgeni anyanyuke kwa miguu yake na kwa hiari yake.

Muuza rangi ndiye aliyemfungua macho. Mshonaji alimweleza tu kwamba sebule yake inawaka: kuta za chungwa, makochi ya kahawia, zulia jekundu, mapazia ya dhahabu, hata taa ni ya njano. Muuza rangi akasema ndivyo ilivyo, rangi za moto humbembeleza mtu akae, rangi za baridi humwinua. Akamwonya asichukue nyeupe tupu, itavuta wekundu wa zulia igeuke waridi. Akampa vikopo vidogo vya kujaribia: paka viraka, vitazame asubuhi, vitazame tena taa ikiwaka.

Mshonaji alitabasamu njia nzima.

Mgeni alipoamka alikuta viraka vitatu juu yake, wala hakuuliza ni vya nini. Alikaa kitako, akajikuna, akaanza kutoa maoni kama vile nyumba kaachiwa yeye. Samawati aliiona ya darasani. Ya kijani aliikataa kabisa.

“Hiyo ni wodi, shemeji. Mtu utakaa hapa unasubiri kuitwa jina.”

Kiraka cha tatu kilikuwa kijivu chenye ubluu kwa mbali, kama bati lililonyeshewa. Mgeni alikitazama, mabega yakamnywea.

“Hii ndiyo yenyewe,” alisema. “Ukiiangalia tu unashikwa na mafua. Na chumbani kwenu mnapaka hii hii?”

Mshonaji alimjibu kwamba chumbani pangebaki vilevile, na chungwa lake.

“Afadhali. Nyumba haifai kupoa yote.”

Akaichukua brashi yeye mwenyewe. Mshonaji nusura amwonee huruma, mtu kushika brashi ya kujifukuzia. Akamwachia kuta zote nne.

Rangi ilipokauka, mshonaji alilikunja zulia jekundu, akashusha mapazia ya dhahabu, akatundika meupe aliyoyashona jikoni. Sebule ikawa kama ndani ya friji. Haukupita muda, mgeni akaanza kuvaa sweta. Kisha soksi. Kisha kofia ya sufu, mchana kweupe, na kikohozi kidogo kila kaka yake alipopita karibu. Huko barabarani watu walikuwa wanajipepea kwa magazeti.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Mshonaji alimwita mumewe jikoni, akazungumza naye kwa upole ambao mumewe hakuusikia tangu harusi.

“Ndugu yako pale sebuleni hapamfai. Ataugua bure, na lawama zitatuangukia sisi. Simfukuzi, mume wangu. Namwonea huruma.”

Mumewe alimtazama, machozi yakamlengalenga. Akatoka, akaenda kukaa na nduguye, wakanong'ona. Mshonaji, mguu juu ya kanyagio la cherehani, alisikia wakigonganisha viganja.

Kesho yake jioni mgeni alikuwa anakunja nguo zake. Alimshukuru shemeji yake kwa moyo alionao, akasema wake wa namna ile siku hizi hawapatikani. Mshonaji akasema si kitu, wao ni ndugu. Alimkunjia shuka, akaitafuta soksi iliyopotelea chini ya kochi, akamfungia zipu ya begi. Mgeni alipotaka kulibeba, akamkatalia. Alilibeba mwenyewe hadi mlangoni, akaufungua mlango kwa kiwiko, akausukuma mpaka mwisho. Kichwani alishaipanga cherehani pale dirishani.

“Shemeji,” mgeni aliita nyuma yake, “mbona unalipeleka nje?”

Akageuka. Mumewe alikuwa anatoka chumbani, kakumbatia mito yao miwili na blanketi zito.

“Ulisema kweli, mke wangu, hapa hapamfai,” alisema, akaanza kutandika kochi. “Sisi tutazoea.”