Kaburi la Mchezo

Mradi uliomba shimo la kufika magotini. Karugendo alichimba mpaka akazama kichwa, na Daktari Mujuni aliposhuka kwenye gari aliona udongo tu ukiruka kutoka kati ya migomba.

"Shikamoo, mzee. Mbona refu hivi? Huu ni mchezo."

"Michezo fanyieni huko Chuo Kikuu," sauti ikajibu kutoka chini. "Kwangu kaburi ni kaburi. Na likishachimbwa halibaki wazi likisubiri mtu. Mtalifukia mpaka juu."

"Na sanduku letu?"

"Litabaki humu."

Mujuni akafikiri. Mbao zenyewe zilikuwa za mikaratusi, za bei rahisi. "Sawa," akasema. Alipenda sana mila.

Alikuwa daktari wa nyimbo, si wa wagonjwa. Kwa miaka mingi alizunguka kijiji hiki cha Kaagya akirekodi maombolezo ya Wahaya, akaandika kitabu ambacho hakuna hata mmoja wa walioimba aliyekiona. Sasa Chuo kilikuwa kimempa fedha ili utafiti utoke kabatini uiguse jamii: igizo la msiba, wasanii wa posho, ngoma, gari, stoo ya kukodi Miembeni, mjini. Watu walikuwa wanakwisha kwa Ukimwi, wao wakaletewa wa kuwafundisha kulia.

Karugendo aliwapa kibanja chake cha migomba na mibuni bure. Aliomba jambo moja tu. Mkewe Verdiana alikuwa mjini kwa mdogo wake, Alistidia, aliyepanga chumba katika ua uleule wa stoo ya mradi. Hospitali ilikuwa imemrudisha na vidonge vya maumivu, basi. Wenye magari hawakutaka kumpakia. Naye alitaka kurudi nyumbani, alale karibu na mibuni aliyoipanda kwa mkono wake.

"Gari la mradi halibebi wagonjwa," Mujuni alikuwa amemjibu. "Wala maiti. Si mimi, waitu, ni amri ya wakubwa."

"Linabeba nini?"

"Wasanii na vifaa."

"Na sanduku la maiti."

"Lile ni kifaa, mzee."

Karugendo hakubishana. Wakati wa vita gari la wakubwa lilimbeba kwenda mpakani bila kumwuliza afya yake. Kurudi, alitembea. Aliwajua.

Usiku wa kuamkia igizo alilala mjini. Asubuhi Saburi, dereva wa mradi, alimkuta amesimama uani kando ya sanduku. Lilikuwa limeshapigiliwa misumari na kufungwa kamba.

"Umewahi, mzee. Mgomba umo?" Kwenye mazoezi waliweka shina la mgomba ndani, ili wabebaji wainame kama watu waliobeba mtu.

"Kila kitu kimo. Nimepigilia lisifunguke kwenye mashimo yenu mnayoyaita barabara."

Mlango wa Alistidia ulikuwa wazi kidogo. Saburi alichungulia, akaona kitandani mtu aliyefunikwa blanketi mpaka juu.

"Mama anaendeleaje?"

"Ameacha kulalamika."

Alistidia alitoka macho mekundu, akapanda nyuma ya gari bila salamu.

"Huyu hayumo kwenye wasanii," Saburi akasema.

"Bosi wako si anatafuta waombolezaji? Huyu analia bila posho."

"Na mgonjwa abaki na nani?"

"Kwani wewe ungebaki naye?"

Saburi akawasha gari. Njiani mpiga ngoma mmoja alitaka kukalia sanduku. Karugendo alimtazama mpaka akahamia pembeni.

Kaagya watu walikuja wakicheka, watoto mbele. Wabebaji wakaliinua sanduku, mmoja akageuka. "Mbona leo jepesi?"

"Mgomba ukikauka hupungua," Karugendo akasema. "Beba."

Getruda, mwigizaji wa mjini, alianza wimbo wake wa kulia. Hakufika mbali. Alistidia alijitupa juu ya sanduku akiita, "Verdiana, dada yangu, umeniacha na nani?" Vicheko vikakatika. Mwanamke mmoja akakaa chini, kisha wengine wote.

"Anatumia jina la dada yake," Mujuni alimnong'oneza Saburi. "Hilo hatukumfundisha. Piga picha, piga."

Karugendo alitupa udongo wa kwanza kwa mkono, akashika jembe, akafukia mpaka juu. Mujuni akatangaza kwamba mchezo umekwisha, karibuni soda. Hakuna aliyenyanyuka. Wanawake walikuwa wameshaanza kukata nyasi za kutandika ndani ya nyumba ya Karugendo, kama afanyiwavyo mfiwa. Bibi mmoja akamvuta Mujuni suruali. "Kaa chini, mwanangu. Una haraka ya nini?"

Mujuni alicheka, akaaga. Kwenye gari aliyarudia maneno ya ripoti yake: jamii imeguswa, jamii imeguswa kweli. Furaha ilimlainisha moyo. Jioni, Saburi alipokuwa anarudisha ngoma stoo, Mujuni alichukua soda iliyobaki akaenda kubisha kwa Alistidia. Angemwambia yule mama mgonjwa kwamba wiki ijayo atamwombea ruhusa ya gari, kwa mara hii moja tu.

"Hodi, mama."

Akasukuma mlango. Akaingia, akaiweka soda kando ya kitanda, akamgusa begani. Blanketi lilikuwa limelowa. Akalifunua taratibu.

Juu ya mto kulikuwa na shina la mgomba, bado bichi, likivuja utomvu kwenye shuka.